Bei ya Kitu na Urefu wa Njia

Msafiri akirudi nyumbani, haupiti muda mrefu baada ya salamu kabla hajaulizwa habari za bei. Sukari huko ni kiasi gani? Sabuni je? Na mafuta ya kula? Aliyetoka Nairobi huulizwa hivyo, aliyetoka Bujumbura vilevile, na mwenye mtoto London huwasomea wenzake ujumbe wa simu, nao husikiliza kwa mshangao. Kila mmoja huichukua bei ya ugenini, huigeuza kuwa shilingi zetu, kisha hutoa hukumu: kule ghali, hapa nafuu. Mimi niliyefundisha hesabu miaka mingi sina ugomvi na kugawanya na kuzidisha. Ila naona hesabu hiyo huachwa kabla haijafika mwisho. Ndani ya bei ya kitu chochote mna mambo matatu: kazi aliyoifanya mnunuzi ili apate fedha, njia aliyopitishwa kitu hicho hadi dukani, na kuwapo kwa kitu chenyewe. Historia ya nchi yetu, hasa ya huku magharibi, imetufundisha yote matatu, na mara nyingine kwa uchungu.

Tuanze na njia. Kaskazini yetu iko Uvinza, ambako watu wamechemsha chumvi kutoka katika chemchemi za karibu na mto Malagarasi kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ile ilibebwa vichwani, ikapakiwa mitumbwini, ikafika hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mtu wa Uvinza na mtu wa ng'ambo walikula chumvi moja, lakini wa mbali alilipia pia miguu ya mpagazi na mikono ya mpiga kasia. Stanley, alipokuwa Ujiji mwaka 1876, aliorodhesha bei za soko la pale kwa kipimo cha nguo: pembe za ndovu, mbuzi, kuku, nafaka, na katika orodha hiyohiyo, watumwa. Yafaa tukumbuke jambo hilo kila tunaposifu soko. Soko hupima kila kinacholetwa mbele yake, wala halijiulizi kama kilistahili kuletwa.

Kisha ukaja wakati ambao kulinganisha bei kati ya nchi na nchi kulikuwa rahisi kuliko leo. Kuanzia mwaka 1921 Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja, na Zanzibar ikaingia mwaka 1936. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Uingereza. Mtu wa Kampala na mtu wa Tabora waliweza kuulizana bei bila kutafuta kiwango cha kubadilishia fedha. Tofauti iliyobaki ilitokana zaidi na kodi, na wingi au uhaba wa mali, na njia. Kwetu njia ilikuwa ndefu. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilomita 210 hivi, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, si kwa ajili ya sukari ya wenyeji. Hata hivyo sukari ilipanda behewa hilohilo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,100, na kila kilomita ilidai chake.

Mwaka 1966 shilingi ile moja ikazaa tatu. Mwanzoni zilikuwa sawa kwa thamani, dola moja ya Marekani ikiwa shilingi 7 na senti 14 kote. Leo shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi 20 za Tanzania. Uganda nayo ilifuta sifuri mbili katika fedha yake mwaka 1987, na bado dola moja huko ni maelfu ya shilingi. Asiyejua historia hii huona bei ya Nairobi ya shilingi 150 akadhani Kenya ni nchi ya vitu vya bure. Jina la fedha ni moja, lakini fedha si moja.

Jambo la pili, yaani kuwapo kwa kitu, tulilijua vema kati ya mwaka 1979 na 1984. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba, na mafuta ya petroli yalikuwa yamepanda duniani kote. Bei za vitu vingi zilipangwa na Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka 1973. Ukizisoma bei hizo gazetini na kuzigeuza kuwa dola kwa kiwango cha serikali, ungepata jibu la kupendeza. Dukani hapakuwa na kitu. Sabuni ya mche ilikuja kwa mgawo, watu walipanga foleni tangu alfajiri, na aliyekosa alikwenda kwa mlangua akalipa mara kadhaa. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na wengi wakatiwa ndani. Mwaka uliofuata serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Rafu zikajaa, na bei zikatisha. Wazee wengi hadi leo hubishana kipi kilikuwa bora. Mimi nasema bei ya kitu kisichokuwapo haiwezi kulinganishwa na bei yoyote.

Sasa tuje kwenye kazi. Wataalamu wa dunia nao waligundua kwamba kugeuza fedha peke yake kunapotosha. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania walianzisha mradi wa kulinganisha bei za nchi mbalimbali, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 10 za kwanza. Walikuta kwamba katika nchi maskini vitu vinavyotegemea mikono ya watu, kama kunyoa, kushona na kujenga, ni nafuu sana, na kwa hiyo kiwango cha fedha huzifanya nchi hizo zionekane maskini kuliko zilivyo.

Hilo ni kweli, lakini lina upande wa pili. Tuchukue mfano wa sukari wa mwaka 2024. Uingereza kilo moja ilikuwa pauni moja na senti chache, yaani zaidi ya shilingi 3,300 za Tanzania. Tuseme hapa Kabungu ni 3,000. Kwa hesabu ya kawaida, sisi tuna nafuu. Lakini kima cha chini cha mshahara kule kilikuwa pauni 11 na senti 44 kwa saa, kwa hiyo kibarua wa London aliipata kilo yake kwa dakika sita hivi. Kibarua wetu wa kupalilia, akilipwa shilingi 5,000 kwa siku ya saa nane, huitolea jasho karibu saa tano. Mikono inayofanya kinyozi awe nafuu ndiyo hiyohiyo inayoifanya sukari iwe ghali. Mwenye kunyolewa kwa bei nafuu amshukuru basi anayemnyoa, kwa kuwa yeye ndiye anayelipa tofauti.

Na njia bado ipo. Katika miaka ya 1970 serikali iliamua mkulima wa mbali alipwe kwa kilo ya mahindi bei ileile ya mkulima wa karibu. Rukwa, ambamo Mpanda ilikuwamo wakati huo, ikawa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini. Mpango huo ulilielemea Shirika la Usagishaji kwa madeni, na kufikia miaka ya 1990 ulikuwa umeachwa. Mapema mwaka 2024, sukari ilipoadimika na kufika shilingi 4,000 na zaidi mahali pengi, Bodi ya Sukari ilitangaza bei ya ukomo kwa kila kanda, si bei moja kwa nchi nzima. Umbali ukarudi kuwa mzigo wa anayeishi mbali.

Silaumu mpango wa kwanza wala wa pili. Kila mmoja una gharama yake. Ila mtu wa Kabungu hulipia njia mara mbili: sukari inapoingia bei huongezwa kwa ajili ya lori, na mahindi yanapotoka bei hupunguzwa kwa ajili ya lori hilohilo. Kwa hiyo, msomaji, ukiulizwa vitu ni bei gani ugenini, uliza nawe maswali matatu: vipo? vimetoka wapi? na huyo anayevinunua amefanya kazi saa ngapi? Ukishapata majibu hayo, ndipo ugeuze shilingi.