Msitu Uliokatazwa Shoka

Juu ya kijiji cha Andermatt, Uswisi, kuna kipande cha msitu wa misonobari kwenye mteremko ambao zamani, kwingine, haukuwa na mti. Mwaka 1397 wanakijiji waliandika hati ya kuukinga: mtu asitoe humo kuni, tawi wala koni. Hawakuwa na kipimo cha aina yoyote. Walijua tu kwamba theluji iliyolala kati ya mashina haiporomoki ovyo, na kwamba msitu ukifyekwa kijiji nacho kitakwenda. Mimi niliyekulia Lamu, na sasa ni muuguzi katika bonde la Davos, naiheshimu hati ile kuliko mitambo mingi iliyokuja baadaye.

Huku Davos tunalo kanisa la Frauenkirch. Upande wake wa mlimani umejengwa kwa ncha, kama omo ya jahazi, ili theluji ikishuka igawanyike na kupita kushoto na kulia. Waliojenga hivyo walikuwa wameonja poromoko la mwaka 1602.

Kwa hiyo wazee walijua vizuri theluji hupita wapi. Itashuka lini, hilo lilikuwa gumu. Johann Coaz, aliyewahi kuwa bwana misitu wa jimbo la Graubünden, alizikusanya njia za maporomoko na kuzichapisha kitabuni mwaka 1881, lakini hata yeye alikuwa bado anahesabu yaliyokwisha kutokea. Ni mwaka 1936 ndipo watafiti walipohamia kibanda cha mbao pale Weissfluhjoch, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, wakaanza kuifukua theluji yenyewe. Mhandisi Robert Haefeli alibuni fimbo ya chuma ya kupigiliwa ndani yake, kupima ugumu wa kila tabaka.

Ukichimba shimo mwezi wa Januari utaona walichokitafuta. Chini, karibu na ardhi, pana joto la nyuzi sifuri hivi. Juu, hewa ni ya baridi kali. Mvuke hupanda kutoka chini na kuzigeuza chembe ndogo kuwa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizikamata zinamiminika kati ya vidole. Juu ya tabaka hilo dhaifu upepo huja kulaza theluji mpya, ikashikamana ikawa bamba. Mteremko ukifika nyuzi 30 au zaidi, uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja bamba lote.

Majira ya baridi ya 1950 hadi 1951 yaliwaua watu 98 Uswisi. Katika siku chache za Januari, kijiji cha Vals kilipoteza watu 19, wengi wao watoto, na Andermatt yenyewe, licha ya msitu wake, ikazika 13. Siwezi kuzisoma hesabu hizo haraka. Baada ya hapo zilikuja safu za vizuizi vya chuma kwenye miteremko ya juu, miche mipya ya miti, na ramani zinazokataza kujenga mahali pa hatari. Februari 1999, theluji ilipoanguka kwa mita, Uswisi ilipoteza watu 17. Hao ni wengi mno, lakini bila kazi ile wangekuwa wengi zaidi. Mwaka 2018 UNESCO iliutambua ujuzi huu wa Uswisi na Austria kuwa urithi wa binadamu.

Siku hizi nyumba ziko salama zaidi, na kifo kimehamia kwa wanaopanda wenyewe na ski nje ya njia zilizotayarishwa. Mara nyingi poromoko linalomfunika mtu huwa limeanzishwa na yeye au mwenzake. Na wengi hufa siku ambazo taarifa ya hatari inasema daraja la 3 kati ya 5. Namba hiyo huwapa watu moyo, kwa sababu iko katikati. Wenzangu wa wodini wanaokwenda mlimani siku ya mapumziko nawauliza kabla hawajavua sare: leo ni daraja gani, na upepo wa jana ulivuma kutoka upande gani?