Mkongo wa Baharini
Mkongo wa baharini ni waya wa mawasiliano unaolazwa kwenye sakafu ya bahari ili kuunganisha mitandao ya nchi mbalimbali. Ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazopitisha data kwa mwanga. Karibu na pwani huongezewa deraya ya chuma, kwani adui wake mkubwa si mdukuzi bali ni nanga na nyavu za uvuvi.

Kabla ya 2009, pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Intaneti ilikuwa ghali, na ya kusuasua. Mwaka huo mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na mkongo wa TEAMS ukaiunganisha Mombasa na Fujairah, Falme za Kiarabu. Mkongo wa EASSy ulifuata 2010.

Kuwa na mikongo mingi ni kinga dhidi ya kukatika kwa intaneti, ila si kinga kamili. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Katika matengenezo, meli maalumu huopoa ncha za mkongo, mafundi wakaziunga uzi kwa uzi.

Usiri wa data ni suala jingine. Hulindwa hasa na usimbaji fiche unaofanyika kwenye simu na seva, si na bahari. Tovuti ambayo anwani yake huanza na http badala ya https haina ulinzi huo.