Ununuzi wa taharuki

Ununuzi wa taharuki ni hali ya watu wengi kununua bidhaa kupita mahitaji yao kwa kuhofia zitaadimika. Hofu hiyo huzaa uhaba unaohofiwa: rafu zikionekana tupu, hata aliyetulia hukimbilia dukani. Janga la UVIKO-19 la mwaka 2020 lilidhihirisha kila jamii inahesabu nini kuwa kinga. Hong Kong na Australia watu waligombea karatasi za chooni, ingawa hazizuii virusi. Nairobi, mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Machi 13, wanunuzi walifurika madukani kutafuta vyakula na vitakasa mikono. Tanzania waliwania malimau na tangawizi, kwa kuwa tangu zamani dawa ya mafua hutoka jikoni.

Kulimbikiza, hata hivyo, kunataka akiba. Familia inayonunua mafuta ya kupima kwa kipato cha siku haiwezi kulimbikiza. Hubaki kulipa bei iliyopandishwa na hofu ya wenye nacho, na hapo ndipo ubaya wa tabia hii ulipo. Nchini Kenya, Mamlaka ya Ushindani iliamuru duka kubwa moja liwarudishie wateja fedha walizozidishiwa kwenye vitakasa mikono.