Kufungua bwawa la kuogelea lililoota mwani: mwongozo kwa wenye hoteli na wauza dawa wa Kasese na Bwera

Kasese iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Hapa hakuna majira ya baridi ya kufunga bwawa kama Ulaya. Mabwawa hufungwa kwa sababu nyingine: wageni wamepungua, pampu imeharibika, au mpaka umefungwa kama ilivyokuwa mwaka 2020 wakati wa Korona. Kwa joto letu, bwawa lisilo na dawa linaweza kugeuka kijani ndani ya siku chache, na likiachwa huwa mazalio ya mbu.

Mwongozo huu ni kwa mwenye bwawa na pia kwa mfanyabiashara wa Bwera, Mpondwe au Kasindi anayeuza klorini, kwani makosa mengi huanzia dukani.

Kwanza, jua ujazo wa bwawa

Zidisha urefu kwa upana kwa wastani wa kina. Bwawa la mita 12 kwa 6 lenye wastani wa kina cha mita 1.5 lina mita za ujazo 108, yaani lita 108,000. Bila hesabu hii kila kipimo cha dawa ni kubahatisha.

Pili, tazama rangi

Maji ya kijani yenye ukungu, na kuta zinazoteleza, ni mwani. Lakini maji ya kijani yanayoonekana safi hadi chini yanaweza kuwa na shaba. Maji yanayogeuka ya kahawia baada ya kutiwa klorini kwa kawaida yana chuma. Jambo hili si dogo Kasese, kwa sababu masalio ya mgodi wa shaba wa Kilembe yamerundikana kando ya mto Nyamwamba, na mafuriko makubwa kama yale ya Mei 2013 na Mei 2020 huyasomba. Ukijaza bwawa kwa maji ya mto au ya kisima, yapimwe kwanza. Kuongeza klorini hakutaondoa shaba.

Tatu, hatua za kusafisha

1. Toa majani na tope kwa wavu. Sugua kuta na sakafu kwa brashi, maana klorini haiingii vizuri ndani ya utando wa mwani.

2. Pima pH na uishushe hadi 7.2 kwa asidi kabla ya kutia klorini. Katika pH ya 7.2, takribani theluthi mbili ya klorini huwa katika hali yenye nguvu ya kuua. Katika pH ya 8 hubaki takribani robo tu. Anayeruka hatua hii anatupa fedha majini.

3. Tia klorini ya kishindo jioni, jua likishatua, kwa kuwa jua huiharibu. Kwa mwani wa kawaida lenga miligramu 10 kwa lita. Kwa bwawa letu la mfano hizo ni gramu 1,080 za klorini halisi, sawa na kilo 1.7 za kalsiamu hipokloriti ya asilimia 65. Maji yakiwa kijani kizito, kiasi hicho huzidishwa mara mbili hata tatu.

4. Washa pampu usiku na mchana. Mwani uliokufa huziba chujio la mchanga, hivyo lioshe kwa kurudisha maji nyuma kila shinikizo linapopanda.

5. Asubuhi pima tena. Klorini ikiwa imekwisha na maji bado ni kijani, rudia. Yakiwa meupe kama maziwa, mwani umekufa na kazi iliyobaki ni ya chujio. Unaweza kutumia shabu ili uchafu uzame, kisha uufyonze na kuumwaga nje bila kuupitisha kwenye chujio.

Nne, kusawazisha maji

Maji yakishatakata, weka pH kati ya 7.2 na 7.8. Ualkali, ambao huizuia pH isiyumbe, uwe miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Kuupandisha kwa miligramu 10 katika bwawa la mfano kunahitaji kilo 1.8 za bikabonati ya soda. Ugumu wa kalsiamu uwe 200 hadi 400, la sivyo maji yatakula saruji ya kuta au yataacha magamba kwenye mabomba. Asidi ya sayanuriki, inayoikinga klorini na jua, isizidi 50; ikizidi, klorini hulegea.

Usiruhusu mtu kuingia mpaka klorini ishuke chini ya miligramu 5 kwa lita na tundu la chini la bwawa lionekane wazi ukiwa umesimama ukingoni. Sharti hili la mwisho ni la uhai. Mtoto aliyezama katika maji yenye ukungu haonekani.

Tano, kwa anayenunua na kuuza

Klorini si ngeni mpakani. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wasafiri wa Mpondwe walinawa kwa maji yaliyotiwa klorini, na Juni 2019 ugonjwa ulifika Bwera. Lakini dawa za klorini hazilingani. Kazi inayofanywa na kilo 1.7 za asilimia 65 inahitaji kilo 3.1 za unga wa asilimia 35, au lita 31 za dawa ya kufulia ya asilimia 3.5. Basi usilinganishe bei ya ndoo kwa ndoo, gawanya bei kwa kiasi cha klorini halisi.

Dai pipa lililofungwa, lenye asilimia na tarehe. Pipa lililokaa juani hupoteza nguvu, na mteja wa Beni au Butembo atakurudia akilalamika. Kwenye usafirishaji, kalsiamu hipokloriti hutambuliwa kwa namba ya Umoja wa Mataifa 1748 au 2880, pamoja na alama ya manjano ya vitu vinavyochochea moto. Itangaze forodhani kwa jina lake halisi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama huo haukufuta ukaguzi wa bidhaa za hatari.

Mambo manne ya kutosahau

- Usipakie klorini pamoja na petroli, mafuta ya kula au mbolea. Inaweza kuwasha moto bila kiberiti.
- Usichanganye klorini na asidi. Hutoa gesi inayoua.
- Usichanganye klorini ya unga na vidonge vya aina nyingine, hata katika kopo moja la kupimia. Mchanganyiko huo unaweza kulipuka.
- Tia dawa kwenye maji, kamwe usimwagie dawa maji.

Maji machafu ya bwawa yasimwagwe mtoni yakiwa na klorini. Yaache juani hadi klorini iishe, kwani wako wanaoteka maji upande wa chini.