Mgonjwa Aliyegeuka Mwanafunzi

Fungueni madaftari yenu. Leo twasoma habari za ugonjwa wa sukari, na jinsi wagonjwa walivyofundishwa kujitunza wenyewe.

Zamani, mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu hakuwa na tumaini. Alikonda, kisha akafa. Mwezi wa Januari 1922, mjini Toronto, nchi ya Kanada, madaktari walimchoma kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, sindano ya dawa mpya iitwayo insulini. Sindano ya kwanza haikufaa sana. Dawa ikasafishwa zaidi, akachomwa tena, naye akapata nguvu. Aliishi miaka 13 zaidi.

Lakini insulini yataka akili. Ikipungua, sukari hupanda katika damu. Ikizidi, sukari hushuka; mgonjwa hutetemeka, hutokwa jasho, hata huzimia. Kila siku dawa lazima ilingane na chakula. Je, daktari atakaa nyumbani kwa mgonjwa kila siku? La! Basi mgonjwa hana budi kujifunza.

Daktari Elliott Joslin wa Boston, Marekani, alilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1918 alitoa kitabu cha kuwafaa wagonjwa wenyewe, na wauguzi wake wakawafundisha. Wagonjwa walijifunza kupima chakula kwa mizani na kusoma alama za bomba la sindano. Walichemsha mkojo pamoja na dawa ya buluu. Rangi ikibaki buluu, hamna sukari. Ikiwa nyekundu kama tofali, sukari ni nyingi.

Baadaye alikuja mwalimu mwingine, yaani kompyuta. Mwaka 1995 ulitolewa huko Marekani mchezo wa kompyuta wenye tembo wawili, Packy na Marlon, wagonjwa wa sukari. Mtoto aliyeucheza alipaswa kuwapima damu, kuwapa insulini na kuwachagulia chakula. Kosa la mchezoni halimdhuru mtu, na kompyuta haichoki kurudia somo. Utafiti uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba watoto waliopewa mchezo huo walikimbizwa kwa daktari kwa dharura mara chache kuliko kabla ya kuupata.

Mwaonaje, basi? Kitabu, muuguzi na kompyuta, wote walifanya kazi moja: kumpa mgonjwa elimu mkononi mwake. Dawa ni ile ile. Lakini asiyejua kusoma tarakimu katika bomba la sindano, dawa hiyo yaweza kumwua.

Swali la darasani: Kwa nini insulini peke yake haitoshi?