Elimu ya Kufuga Mbuzi katika Ugogo: Historia Yake na Maneno Yake

Mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro, ipo Chamwino, na kuizunguka ipo wilaya yenye jina hilo, iliyoundwa mwaka 2007 ilipogawanywa iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini. Nchi yake ni kavu. Mvua ni za msimu mmoja tu, toka Novemba au Disemba hata Aprili, na kwa kawaida hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Mahali ambapo mtama wenyewe hauna hakika ya kuiva, mbuzi ni akiba itembeayo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na Dodoma kufanywa jiji mwaka 2018, watu wenye mishahara nao wametafuta viwanja pembezoni ili wafuge. Wengi wao hawakulelewa zizini. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya vijana wa vijijini pia, yamezoeleka mafunzo mafupi ya vitendo, mara nyingi ya Jumamosi na Jumapili, ambamo mwanafunzi humshika mbuzi kwa mikono yake badala ya kuandika habari zake daftarini.

Mafunzo ya namna hii husifiwa kuwa ni jambo jipya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa umbo lake ni jambo la kale katika Ugogo. Kwamba katikati palipita miaka mingi ambayo elimu ya mifugo ilitolewa kwa amri. Na kwamba tofauti ya namna hizo mbili imeacha alama katika lugha yenyewe.

Yafaa kuanza na jina. Wachunguzi wa lugha za Kibantu, hasa tangu Malcolm Guthrie alipotoa kazi yake kubwa ya kulinganisha lugha hizo kati ya 1967 na 1971, wanajua kwamba mnyama huyu ana mashina mawili makubwa ya jina. Shina moja limezaa "mbuzi" ya Kiswahili, "embuzi" ya Kiganda na "mbũri" ya Kikuyu. Shina la pili limezaa "impene" ya Kirundi, "ihene" ya Kinyarwanda na "mhene" ya Kigogo. Mgogo na Mswahili wakitaja ng'ombe husikilizana mara moja. Wakitaja mbuzi, kila mmoja ana neno lake. Jambo hili ni dogo, lakini latosha kuonya kwamba Kiswahili kilipoingia katika zizi la Mgogo kuja kufundisha, kilimkuta mwenyeji mwenye msamiati wake kamili.

Mwenyeji huyo alifundishwaje? Katika tembe, ile nyumba ndefu ya dari ya udongo izungukayo uwanja, wanyama walilala katikati ya watu, na vitoto vya mbuzi viliwekwa ndani hasa. Mtoto aliamka na kulala karibu nao. Kazi yake ya kwanza ya kuchunga ilikuwa mbuzi na ndama karibu na nyumba. Ng'ombe walimngoja akue. Hapakuwa na saa ya somo. Mtoto alijua mbuzi mgonjwa kwa kumwona akibaki nyuma ya kundi, na alijua mbuzi mwenye mimba kwa kumpapasa. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyeandika kwa Kiswahili historia, mila na desturi za watu wake katika kitabu kilichotolewa mwaka 1954, ni ushahidi kwamba mambo ya Ugogo yaweza kusemwa vema kwa Kiswahili na mtu aliyekulia ndani yake. Naye Peter Rigby, aliyefanya uchunguzi huko mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu mwaka 1969, alionyesha jinsi mifugo ilivyofungamana na udugu: mahari, deni, urithi na urafiki vyote vilipita zizini. Aliyejifunza kufuga alikuwa akijifunza pia nani ni ndugu yake.

Elimu hiyo ilipimwa kwa misiba. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki. Kisha, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi, na mvua zikakosekana. Ndipo ikaja njaa ya 1917 hata 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Katika misiba ya namna hiyo mbuzi ana faida ambayo hesabu yake ni nyepesi. Hubeba mimba kiasi cha siku 150, hali ng'ombe hubeba miezi tisa na zaidi. Na mara nyingi huzaa mapacha. Aliyebakiwa na mbuzi wawili majike aliweza baada ya miaka michache kuwa na kundi la kubadili kwa ng'ombe. Na asiyebakiwa na hata mmoja aliweza kukabidhiwa mnyama wa mwenziwe, amtunze na kunufaika na maziwa. Methali ya Kiswahili isemayo kuwa mbuzi wa maskini hazai inasikitikia bahati. Desturi ya kukabidhiana mifugo ilikuwa jibu la Ugogo kwa bahati hiyo.

Serikali ya kikoloni ilikuja na elimu ya namna nyingine. Wadachi walianzisha maabara ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905, na Waingereza wakaiendeleza kuwa makao ya kazi ya utabibu wa wanyama. Kazi iliyofanywa huko ilikuwa ya thamani; hapana anayeweza kukana faida ya chanjo. Lakini ng'ombe ndiye aliyekuwa mnyama wa hesabu, kwa sababu ya ngozi, nyama na kodi. Mbuzi aliingia katika taarifa zaidi kama mshitakiwa: ndiye alaye miche, ndiye aangushaye udongo wa vilima. Aliyetumwa kwa mfugaji aliitwa "bwana mifugo", na jina lenyewe lilieleza cheo chake. Vitenzi vya Kiswahili vilivyomfikia mfugaji kwa kinywa cha ofisi vilikuwa vya kuamuru: leta, hesabu, punguza, ondoa. Mwenye mbuzi hakuulizwa neno.

Kwamba ujuzi wa wenyeji ulikuwa na maana, Kongwa ilishuhudia. Mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa huko mwaka 1947 uliachwa mwaka 1951, kwa kuwa ardhi ilikuwa ngumu na mvua haikutosha. Kila mchungaji wa Ugogo alijua tabia ya mvua hiyo tangu utoto wake.

Upungufu mwingine ulikuwa katika Kiswahili chenyewe. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lugha ya pwani, na pwani humjua mbuzi kwa upande wa jikoni na karamu. Huko hata kifaa cha kukunia nazi huitwa mbuzi, na aliyenona wa kuchomwa huitwa ndafu. Hata hivyo maneno ya zizi yamo: "beberu" ni dume la kupandisha, "mtamba" ni jike ambaye hajazaa, "dang'a" ni maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa, "kuhasi" ni kuondoa uwezo wa dume. Ni jambo la kutazamwa kwamba neno la kundi hili lililopata umaarufu mkubwa kuliko yote lilitoka zizini kabisa. Katika siasa za uhuru beberu aligeuka kuwa mkoloni, na "ubeberu" ukawa jina la mfumo mzima. Kijana wa leo hukutana na beberu wa gazeti kabla ya beberu wa zizini.

Baada ya uhuru, Chamwino ilipata mahali pa pekee. Katika Operesheni Dodoma, Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa hapo mwaka 1971 na kushiriki na wanakijiji kazi ya mikono ya kujenga nyumba zao. Mfano huo wa kiongozi kufundisha kwa kutenda ulikuwa mzuri. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya kiasi cha watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadiliana na kisha kutenda. Lakini mabadiliko hayo hayo yalikuwa na matokeo mengine kwa elimu ya zizi. Nyumba mpya ya matofali haikuwa na uwanja wa katikati, hivyo mbuzi alitoka nje ya nyumba. Watu walipokusanywa pamoja, malisho yalikwenda mbali. Na Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyotekelezwa mwaka 1977, ilimpeleka mtoto darasani, jambo jema lisilo na shaka, ila saa alizokaa darasani ndizo saa alizokuwa akijifunza kuchunga. Mnyororo wa kurithishana ujuzi ulilegea bila mtu kukusudia.

Katika miaka hiyo hiyo amri ilirudi kwa sura ya hifadhi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko. Baadaye, katika miaka ya 1980, hatua kama hiyo ilifika Mvumi, ambayo leo imo katika Wilaya ya Chamwino. Majani yalirudi, na makorongo yakaanza kupona; hilo lazima lisemwe kwa haki. Lakini kwa familia iliyokuwa na mbuzi watano tu, amri hiyo iliondoa maziwa, mahari na akiba ya njaa kwa siku moja. Mradi ulikuja kufundisha ufugaji wa ndani baada ya kuondoa, hali utaratibu wa zizi ungetaka kufundisha kutangulie.

Wataalamu nao hawakumsahau mbuzi kabisa. Kutokana na kazi iliyoanzwa Mpwapwa na kuendelezwa Malya, nchi ya Wasukuma, ilipatikana mbegu iliyochanganywa damu ya Kamorai asilimia 55, Boer asilimia 30 na mbuzi wa kienyeji asilimia 15. Wanyama hao ni wakubwa kuliko wa kienyeji. Lakini mbegu njema haijifundishi yenyewe. Beberu wa aina hiyo akipelekwa kwa mtu asiyejua kumtunza hurudi kuwa hadithi ya hasara.

Mageuzi ya kweli yalikuja kwa njia ya mbali. Mwaka 1989, katika kisiwa cha Java, wakulima wa mpunga walianza kujifunza shambani kwa kuchunguza wadudu wao wenyewe. Utaratibu huo ulipofika Afrika ya Mashariki ulipewa jina zuri la Kiswahili, "shamba darasa", na baadaye ukatumiwa kwa mifugo pia. Mafunzo ya mwisho wa juma ni mtoto wake mfupi. Yaliyomo yanafanana karibu kila mahali. Mwanafunzi hufunua mdomo wa mbuzi na kukuta kwamba juu hakuna meno ya mbele, na chini yapo manane. Mawili ya katikati hubadilika mnyama apitapo mwaka mmoja, kisha jozi moja kila mwaka, hata kinywa kijae katika mwaka wa nne hivi. Hufunua ukope na kulinganisha wekundu wake na kadi ya rangi iliyobuniwa Afrika ya Kusini, ili ajue kama minyoo imefyonza damu. Hupunguza kwato, huhasi kwa koleo, hujenga banda lenye sakafu iliyoinuliwa, na huhakikisha kitoto kimepata dang'a mapema baada ya kuzaliwa. Hufundishwa pia habari za chanjo ya "sotoka ya mbuzi na kondoo", ugonjwa uliothibitishwa nchini mwaka 2008 katika Ngorongoro. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011. Jina lake limebaki na limehamia kwa mbuzi.

Hapa ndipo lugha inapoamua. Mwalimu asemaye "mnyama jike ambaye bado hajafikia hatua ya uzazi wa kwanza" hupata ukimya. Asemaye "mtamba", kisha akamwomba mama mzee ataje neno la Kigogo, hupata darasa. Kwa maana yule mama hataji jina tu, bali hueleza wakati wa kumpandisha, majani ya kumpa, na dalili za kuharibu mimba. Miongozo mingi huandika "maziwa ya kwanza" mahali ambapo Kiswahili kina neno lake moja. Kila neno la zizi liachwalo huondoka na kipande cha ujuzi, na mwenye kulijua huondoka akiamini kwamba hajui kitu. Hasara hii ni ya leo: wazee walioanza kuchunga kabla ya shule ya lazima sasa ni wa miaka sitini na zaidi.

Yapasa basi kazi mbili zifanywe pamoja. Ya kwanza ni kukusanya katika vijiji vya Chamwino maneno yote ya Kigogo yahusuyo mbuzi, kwa umri, rangi, pembe, maradhi na tabia, na kuyalinganisha na ya Kiswahili, ili yaliyo na wenzao yatumike na yasiyo na wenzao yakaribishwe. Ya pili ni kumpa mfugaji mzee nafasi ya mwalimu katika mafunzo hayo, pamoja na daktari wa mifugo, kila mmoja kwa ujuzi wake.

Bwana mifugo wa zamani siku hizi huitwa afisa ugani. Asomaye neno hilo la mwisho kwa umbo lake huona ndani yake "uga", yaani uwanja wa nyumba, pamoja na kiishio cha mahali. Katika Ugogo elimu ya mbuzi ilianza uwanjani, katikati ya tembe, na mafunzo ya vitendo yanairudisha huko.