Mtu wa Kompyuta: Kutoka Bisibisi Hadi Meza ya Uamuzi

Ukishuka kwenye kituo cha mabasi ya masafa marefu hapa Digbeth, tembea dakika chache tu hadi Gibb Street. Utakuta majengo ya matofali yaitwayo Custard Factory. Ni kiwanda kweli cha kastadi, cha kampuni ya Alfred Bird, aliyebuni unga wa kastadi usio na mayai mwaka 1837. Uzalishaji ulihamia Banbury mwaka 1964, na tangu miaka ya 1990 vyumba vyake vimepangishwa kwa biashara ndogo ndogo za wabunifu, watengeneza filamu na watu wa tovuti.

Katika ofisi za namna hiyo huwa kuna mmoja anayeitwa tu "mtu wa kompyuta". Wengi wetu tumeifanya kazi hiyo hapa ugenini, na wengi tumesikia ikisemwa kwamba imekwisha. Je, ni kweli? Turudi nyuma kidogo.

Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kila siku za biashara ilijengwa na kampuni ya chai na keki, J. Lyons ya London. Iliitwa LEO, na mwaka 1951 ilianza kupiga hesabu za idara ya mikate. Aliyeipangia kazi, David Caminer, alikuwa mtu wa taratibu za ofisi. Aliijua biashara kabla ya kuijua mashine.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta mwaka 1965, lakini mpango wa kuiendeshea hesabu za serikali ukaharibika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mashine ilikuwapo. Kilichopungua ni watu wa kuamua ifanye nini, kwa nani, na kwa gharama gani.

Kompyuta ndogo ya IBM ilipotoka mwaka 1981, hata duka la watu wanane liliweza kuwa na yake. Hapo ndipo alipozaliwa mtu wetu. Mara nyingi alikuwa karani aliyeonyesha udadisi kuliko wenzake. Miaka ya 1990 alikabidhiwa seva, ikafungiwa kabatini, na ufunguo ukakaa mfukoni mwake. Mwaka 2000 ulipokaribia, wakuu walimsikiliza kwa hofu, kisha wakamsahau.

Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha hifadhi ya data kupitia intaneti. Kidogo kidogo seva zikatoka kabatini, na wenye biashara wakauliza, "Huyu tunamlipa wa nini?"

Jibu lilikuja Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017. Kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta duniani kote, zikiwamo za hospitali nyingi za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kinga mwezi Machi, miezi miwili kabla. Dawa ilikuwapo, ila pengi hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema: leo tunasimamisha kazi, tunaweka kinga. Mwaka uliofuata, Mei 2018, ikaja sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu, nayo haikusamehe biashara kwa sababu ni ndogo. Machi 2020 wafanyakazi wakapelekwa nyumbani na kompyuta zao, na ofisi ikawa popote.

Kwa hiyo kazi haikwisha. Imerudi alikokuwa Caminer. Kwanza ijue biashara, kisha ndiyo uchague mashine. Bisibisi ameichukua mwingine, lakini uamuzi bado unahitaji mwenyewe.

Hili latuhusu mara mbili. Wewe uliyezoea kutengeneza printa, jifunze kusoma mkataba na bajeti, na ukae mezani wanapopanga. Nawe mwenye duka au ofisi ya mizigo, usimwite mtu wa kompyuta siku moto umeshawaka. Nyumbani nako ni vilevile: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake 2022. Mwenye duka la Kariakoo anayetunza namba za wateja wake naye yumo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Swali ni moja tu: katika biashara yako, nani amepewa kazi ya kuutazama ufa?